Mara Moja au Mara Tano

Kama umewahi kushika picha ya kichwa chako mwenyewe, ukaipeleka dirishani uione vizuri, na usione chochote isipokuwa kitu kinachofanana na kabichi iliyokatwa katikati, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Nina shahada ya sheria niliyoipata hapa Butembo, na mpaka leo haijanipatia kazi. Ninachokijua vizuri ni kusubiri, na kufikiria kupita kiasi wakati wa kusubiri. Kama unatafuta mtu wa kukuambia uchague nini, si mimi. Mimi nilichagua kwa wiki nyingi, na mwishowe uchaguzi wangu haukutumika.

Ugonjwa ulianzia kwenye titi la kushoto. Nilipasuliwa, nikatundikiwa dawa, nywele zikatoka, kisha zikaota tena laini kama za mtoto mchanga. Mama alizipapasa akasema zimekuwa nzuri kuliko zile za kwanza. Tulitoa misa ya shukrani parokiani. Maharage yalikubali sana msimu ule, na pale nyumbani Mususa kila aliyepita alipewa sahani. Tulidhani mambo yamekwisha.

Kisha maneno yakaanza kunitoroka. Siku moja tulikuwa uani tukichambua maharage, nikamwambia mama, "Nipe mlango." Nilitaka ungo. Mama alicheka, nami nikacheka. Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya muuza vitunguu na jina la vitunguu halikuja, nikaonyesha kwa kidole kama mgeni. Mimi ni mtu wa kutafutia kila kitu maelezo, kwa hiyo nilijieleza: ni uchovu, ni Kinande, Kiswahili na Kifaransa vinagongana kichwani, ni kukaa bila kazi. Jumapili moja nilipanda kusoma somo kanisani. Herufi nilikuwa naziona. Mdomo ulikataa. Watu walingoja, padri akakohoa, msomaji mwingine akaja akanishika kiwiko akanisogeza pembeni taratibu, kama mtu anayesogeza kiti.

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, Masika, anayekaa Beni katika Mulekera, alipiga simu jioni ile ile.

"Mama ameniambia. Kesho unapanda kuja."

"Yaya, labda ni uchovu tu."

"Uchovu gani unakulaka maneno? Kuja."

Picha ilipigwa Kampala. Madoa matatu kwenye ubongo: mawili madogo, la tatu kubwa zaidi kidogo, upande wa kushoto, jirani kabisa na mahali ambapo maneno hutengenezwa. Ugonjwa wa titi ulikuwa umesafiri. Daktari alikuwa mtu mpole, Kiswahili chake cha kuchagua maneno polepole, na nilimpenda kwa sababu hiyo. Tulikuwa wawili tunaotafuta maneno.

Alisema hatapasua, wala hatachoma kichwa kizima. Mionzi italengwa kwenye madoa tu. Hapo ndipo aliponiachia mzigo. Kulikuwa na namna mbili za kulenga. Ya kwanza, nguvu yote kwa mara moja: unalala, unachomwa, unakwenda nyumbani. Ya pili, nguvu hiyo inagawanywa, unachomwa mara tano kwa siku zinazofuatana. Kwa yale madogo mawili, mara moja ilitosha, hakuna mjadala. Lakini la tatu lilikuwa na ukubwa wa mpakani. Mara moja ingeweza kulimaliza vizuri. Ingeweza pia kuumiza nyama ya jirani, na jirani yake ni usemi wangu. Mara tano ingekuwa na huruma zaidi kwa jirani, ila ni safari zaidi chini ya mashine. Kuchoma kichwa kizima alikuweka pembeni, kwa watu wenye madoa mengi, kwa sababu kunapunguza kumbukumbu kidogo kidogo.

"Mimi ninaelekea kwenye tano," alisema, "lakini zote mbili ninaweza kuzitetea. Fikiria na familia yako. Nafasi kwenye mashine ni baada ya Pasaka."

Kumwambia mtu kama mimi "fikiria" ni kumwaga petroli kwenye jiko.

Tulirudi Mulekera kungoja. Mama alipanda kutoka Butembo, akafika na kitambaa kichwani na kikapu cha parachichi, na kikao kikafanyika sebuleni kwa Masika.

"Mara moja," Masika alisema. "Unamaliza, unarudia kwetu. Kila siku kichwa mu mashine, ju ya nini?"

"Aka!" Mama alikataa. "Dawa gani ile ya siku moja? Hata malaria bananipatiaka comprimés, vidonge vya siku tatu. Na ile ni malaria tu."

"Mama, ile si comprimé. Ni kama kupasua. Unaonaka mutu anapasuliwa mara tano?"

"Mimi naona mutoto wangu. Dawa ya haraka inaruka kitu."

"Na dawa ya polepole inaacha ugonjwa unapata nafasi ya kukimbia!"

Walinigeukia wote wawili. Nilitaka kusema kwamba kila mmoja alikuwa na haki, na kwamba hilo ndilo lilikuwa tatizo. Nilifungua mdomo, na neno "haki" halikuja. Nilikaa nikiwa nimefungua mdomo. Mama alianza kulia. Masika akatoka kwenda kuepua maharage ambayo hayakuwa jikoni.

Tangu siku ile waligombana kila siku, kwa sauti ya chini, wakidhani sisikii. Mama alisema Masika anataka nimalize upesi ili arudi kwenye biashara yake. Masika alisema mama ndiye aliyecheka siku ya mlango na ungo badala ya kumtafuta munganga wa hospitali. Watu wawili wanaonipenda waliumizana kwa sababu ya doa langu, na sikuwa na maneno ya kuwaamulia.

Mimi nilisoma. Umeme ulipokuwepo nilisoma kwenye simu habari za watu wa mbali nisiowajua. Mmoja alichomwa mara moja akarudi kazini wiki iliyofuata. Mwingine alichomwa mara moja akapoteza mkono wa kulia kwa miezi. Mmoja alichomwa mara tano na akaandika kwa furaha, kisha nikaona ameacha kuandika, na nikakaa na ukimya wake kama vile ulikuwa jibu. Nilimpigia daktari nikasema mara moja. Kesho yake nikampigia nikasema mara tano. Mara ya tatu alicheka, akasema ataandika kwa kalamu ya risasi. Ushauri wangu wa kwanza ni huo: mkipewa nafasi ya kuchagua, wekeni siku ya kuacha kuchagua. Mimi sikuiweka.

Baada ya Pasaka tulivuka mpaka wa Kasindi kurudi Kampala, Masika na mimi. Mama alibaki, kwa sababu moyo wake haupendi ile njia, na kwa sababu walikuwa hawasemeshani.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vya plastiki vilivyoungana, hivyo mtu wa mwisho akitikisa mguu, wote mnatikisika. Siku ya kwanza, mhudumu alitoka mlangoni akaita, "Kavira!" Nilisimama. Mama mmoja mnene wa kitenge cha kijani naye akasimama.

Tuliangaliana.

"Weye Kavira wa wapi?" aliniuliza kwa sauti ya soko.

"Wa Butembo. Mususa."

"Mimi wa Vuhovi! Basi uko ndoyi yangu!" Alinikumbatia pale pale, jasho na sabuni. Ndoyi ni mtu mwenye jina lako, na kwetu ni aina ya udugu. Kwetu pia ni udugu usio adimu hata kidogo, kwa sababu jina hili linakuja na nafasi ya kuzaliwa: baada ya Masika, binti anayefuata ni Kavira. Piga kelele "Kavira" sokoni Butembo uone wangapi watageuka. Ndiyo maana nyumbani hatuishii hapo, tunauliza wa nani, wa wapi.

Mhudumu hakujua hayo. Alitazama karatasi zake, akatutazama kwa huzuni.

"Nyinyi ni familia moja? Ukoo wa Kavira?"

"Ndiyo, ni mutoto wangu," alisema ndoyi, akanikonyeza.

Ilikuwa mzaha, lakini baadaye daktari mwingine aliniuliza tangu lini ugonjwa huu uko katika ukoo wetu wa Kavira. Masika alihitaji muda mrefu kumweleza kwamba kwa hesabu hiyo ukoo wetu ni nusu ya Kivu Kaskazini.

Ndoyi alikuwa na madoa mengi mno ya kulengwa. Yeye hakuulizwa mara moja au mara tano. Alikuwa anachomwa kichwa kizima. Nilimweleza kuhusu uchaguzi wangu, polepole, nikiruka maneno yaliyokosekana, naye alisikiliza akimenya ndizi.

"Donc weye banakuuliza?" alisema mwishoni. "Mimi bameniambia tu: lala hapa."

Nilikuwa nimeuona uchaguzi kama adhabu.

Siku ile nilitengenezewa maski. Wanachovya wavu wa plastiki kwenye maji ya moto, wanaulaza usoni ukiwa laini, unakaza ukipoa, na tangu hapo una sura yako: pua yako, kidevu chako, hata mkunjo kati ya nyusi. Ukilala chini ya mashine, maski inafungwa na vibanio kwenye kitanda, na kichwa hakisogei hata unywele. Nilipovuliwa nilikuwa na alama za wavu mashavuni. Masika alisema nafanana na samaki wa kuchomwa.

Halafu wakapiga picha mpya, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imezeeka. Daktari aliitazama muda mrefu. Doa la tatu lilikuwa limekua. Halikuwa tena la mpakani.

"Mara moja haiwezekani tena kwa hili," alisema. "Tutafanya tano."

Ndivyo ilivyoisha. Zile wiki zote za Mulekera, simu zote, machozi ya mama, ugomvi wa mama na Masika, vyote vilikuwa juu ya kitu ambacho doa lenyewe lilikuwa likiamua kimya kimya. Nilisikia nafuu kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikaanza: je, kama ningesema mara moja siku ile ile ya kwanza, wangenipa nafasi mapema? Je, lilikua nilipokuwa nafikiria? Nilimuuliza. Alisema nafasi ilikuwa ile ile kwa namna zote mbili. Nilimwamini mchana tu.

Naomba sasa nieleze mara ya tatu kati ya zile tano, maana ndiyo sababu kubwa ya kuandika.

Vidonge vya kupunguza uvimbe kichwani vilikuwa vimenivimbisha uso. Nilikuwa na mashavu ya mandazi, njaa isiyoisha, na mapaja dhaifu hata kupanda ngazi nilishika ukuta. Siku ile waliita "Kavira", na ndoyi hakuwepo kitini. Niliingia. Nililala. Maski ikaja.

Haikukaa. Iliniminya pua mpaka machozi yakatoka, na kwenye kidevu kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Kijana wa mashine alibonyeza.

"Umenenepa sana," alisema.

Kweli, nilifikiri, ni vidonge. Alibonyeza tena. Kibanio cha kulia kilifunga, cha kushoto kikakataa. Tulikuwa tumeambiwa tangu siku ya kwanza: ukiwa na shida, inua mkono. Mkono wangu ulikuwa huru kabisa. Lakini nilikuwa nimekwisha kufikiria mbali: nikiinua mkono, watasema uso umebadilika, watatengeneza maski mpya, watapiga picha mpya, siku zitapita, doa litakua, maneno yaliyobaki yatakwenda. Nilikaza meno nikajaribu kuifanya pua yangu iwe ndogo. Nilikuwa tayari kuchomwa nikiwa ndani ya sura isiyo yangu, mradi tu nisisumbue ratiba.

Mlango mzito ulikuwa bado wazi. Nikasikia viatu vya plastiki vikipiga sakafu, na sauti ya soko.

"Weye ndoyi! Toka mu kichwa changu!"

Alikuwa ameenda chooni. Aliporudi wakamwambia Kavira ameingia, naye akajua zamu ilikuwa yake. Kijana wa mashine aligeuza maski akasoma karatasi iliyobandikwa: Kavira. Akaisoma tena kana kwamba ingebadilika. Walicheka wote, hata daktari aliyekuja mbio, ila daktari alicheka kidogo tu. Alinieleza kwamba mashine ina ukaguzi mwingine kabla ya kuwaka na isingewaka. Labda. Ndoyi aliishika maski yake akaitazama kwa karibu.

"Kapua haka ulitaka kukavaa? Na lile pua lako lote?"

Nilicheka nao, nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Tangu siku ile waliandika majina yetu kama ya nyumbani, kwa herufi kubwa: Kavira wa Mususa, Kavira wa Vuhovi. Wewe unayesoma, inua mkono. Usiwaonee haya. Hata kama umejipa maelezo mazuri sana kwa nini usiinue, inua.

Mara ya nne na ya tano zilipita. Hakuna maumivu chini ya mashine. Kuna mlio, na harufu ya ajabu ambayo wengine waliniambia hawaisikii. Uchovu ulikuja baadaye, nyumbani, nikalala kama mzigo wa mihogo. Mama na Masika walisemeshana tena bila kuombana msamaha. Masika alishuka Butembo na dumu la mafuta ya mawese, mama akalipokea, akasema ni ya rangi nzuri, na ikawa hivyo.

Maneno yalirudi, ila si yote na si kwa utaratibu. Kinande kilitangulia. Kifaransa, ambacho nilikisomea miaka yote ile, kilichelewa sana, na sheria niliyoisoma kwa Kifaransa ikabaki nje ya mlango pamoja nacho. Nilikuwa nikimwelewa kila mtu na kujibu kama mtoto. Rafiki zangu wa chuo walipokuja kunisalimu walianza kusema nami kwa sauti kubwa, kana kwamba nilikuwa kiziwi. Baadaye wakapunguza kuja.

Mvua za Septemba zilipoanza, nilipanda pikipiki kwenda Vuhovi kumwona ndoyi. Alikuwa amekonda, kitenge kile cha kijani kinamzunguka mara mbili. Alinitambua, akaniita ndoyi, akawaambia wajukuu habari ya maski, na wote tukacheka. Tulipokuwa tukila aliisimulia tena tangu mwanzo. Nilipoaga, alinishika mkono: "Ngoja, nikuambie kitu moja ilitokea kule hopitali." Wajukuu waliangalia chini. Nilikaa nikaisikiliza, na nilicheka mahali pale pale, na ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Aliweka chumvi kwenye mboga mara mbili tukiwa tunamwona. Nilikuwa na aibu ya kuwa na maneno.

Alifariki kabla maharage hayajakomaa. Siku ya mazishi njia ya kwenda kule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya milio ya risasi, madereva wakakataa. Nilikaa Mususa, nimevaa nguo ya kwenda, mpaka mama akaniambia niivue isichafuke.

Picha ya kuangalia matokeo ilipigwa baada ya Krismasi. Madoa mawili madogo hayaonekani tena. Mahali pa la tatu kuna kivuli. Daktari alisema kinaweza kuwa kidonda cha kuchomwa tu, kinachopona polepole. Kinaweza kuwa ugonjwa unaorudi. Kwenye picha vinafanana. Hakuna la kufanya sasa ila kungoja picha nyingine, kabla ya kiangazi. Nilimuuliza maswali yote niliyokuwa nayo, naye alijibu yote, na majibu yote yalikuwa jibu lile lile.

Kwa hiyo ninangoja. Walioniambia kwamba ukipita matibabu unarudi kuwa ulivyokuwa, walisema kwa upendo. Mimi nilirudi mahali karibu na pale. Ninalala mchana. Nywele upande mmoja ni chache. Ninasoma sheria tena, ukurasa mmoja, kisha napumzika.

Juzi tulikuwa uani, mama na mimi, tunapukuchua mahindi. Alichukua hindi, akaliweka, akachukua jingine, na nilijua anakusanya ujasiri.

"Kama bangekuchoma mara moja tu," alisema bila kuniangalia, "kile kivuli kingekuwa pale?"

Wiki nzima nilikuwa nimejiuliza hilo. Nilikuwa na hoja za upande huu na za upande ule, za wale watu wa mbali wa kwenye simu, za Masika, za doa lililokua kabla hatujafika. Niliziangalia zote.

"Sijui, mama."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Bon," alisema. "Lakini ile neno umelisema muzuri. Hata haukulitafuta."